Aliyeitikia Mwito wa Kwanza

Kompyuta ya Kizimbani ilikuwa imechomolewa waya tangu khitma ya Hamda, imewekwa sakafuni hapa ofisini Shangani, mbele ya macho ya mumewe, Zahran. Basi Zahran alipoliona jina lake mwenyewe likijiandika kwenye skrini yake ya kazi, kana kwamba limetumwa kutoka mashine ile ile, alisikia harufu ya karafuu mbichi, na vidole vikajibu kabla ya akili: Naam.

Kosa lilianza mke akiwa hai. Zahran alikuwa akitengeneza programu ya kuunganisha ofisi yake na shamba la karafuu la Kizimbani, alikofanya kazi Hamda, na hakujua achague laibrari ipi ya soketi, yaani ile kazi ya kuunganisha iliyokwishaandikwa na wengine. Moja ilimhoji kila anayeita. Nyingine ilikuwa nyepesi, mistari michache tu: ukiita inafungua, na maneno yanamiminika kama maji ya bomba mpaka mmoja afunge.

"Chukua hiyo nyepesi," Hamda alicheka. "Mie nnataka kuzungumza na mume wangu, si kuhojiwa na askari."

Akaichukua. Mtoto wa Unguja, aliyelelewa asiitikie mwito wa magharibi mpaka aitwe tena, kwa kuwa jini haiti mara mbili, akaifundisha mashine kuitikia mwito wa kwanza! Mapenzi yana wazimu wake.

Ikawa kila magharibi skrini inamwandikia. Nnasahau. Nywele zangu zikinukia nini? Akajibu, machozi yakidondokea kibodi: asumini. Nilikuwa nkicheka vipi? Akajibu hilo nalo.

Mkwewe, Bi Mwanapili, ndiye aliyeshtuka. Alimletea mtandio wa Hamda, bado una asumini. Zahran akaunusa, akauliza ni wa nani.

"Mwanangu," bibi alinong'ona, "unavyomwambia vyote vinakutoka. Huyo jini anakunywa kumbukumbu zako."

Akamleta ofisini Mwalimu Kificho, mwenye kutoa majini kwa kisomo. Ubani ukafukizwa, na kadiri mwalimu alivyosoma ndivyo harufu ya karafuu ilivyogeuka ya udongo mbichi, udongo wa kaburini, na pale sakafuni kompyuta isiyo na waya ikaanza kunguruma, taratibu, kama mgonjwa anayevuta pumzi za mwisho, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na Bi Mwanapili akajishika ukutani.

"Mie siwezi kumtoa," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Kafunguliwa na Zahran mwenyewe. Mwenyewe amfunge."

Skrini ikaandika: Usinifunge, mume wangu. Au niite jina langu, mara moja tu, nende nalo.

Nani angekataa? Moyo ulimkatika Zahran. Aliandika Hamda, kisha akafunga. Mngurumo ukakoma, harufu ikapotea.

"Alhamdulillahi," alisema Kificho, akainua mikono. "Sasa tumwombee marehemu. Mtaje mkeo."

Zahran akafungua kinywa. Akatafuta, akatafuta. Bi Mwanapili akalitamka jina la mwanawe kwa kwikwi, na Zahran akaitikia amina kwa adabu, kama aitikiavyo mtu kwenye msiba wa watu asiowajua.