Mfuko wa Koti Namba Kumi na Saba

Mwaka wa elfu mbili na tisa, msimu wa mvua ndefu, jua lilijificha wiki tatu mfululizo, na nguo za hospitali zikagoma kukauka. Shuka zilitundikwa kwenye kamba ndani ya jengo la dobi, zikanuka unyevu, kisha zikapelekwa chumba cha pasi zikiwa bado na ubaridi. Huko zilimngoja mwanamke mmoja tu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Pasi. Alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile kwa miaka ishirini na miwili.

Kila alasiri, baada ya masomo, Sindano alipita lango la nyuma la hospitali na mkoba wake wa shule. Jina hilo alipewa na Bi Pasi, kwa sababu alikuwa mwembamba, mwenye macho makali, na tangu umri wa miaka tisa aliweza kutunga uzi mara moja bila kuulamba. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake ndiye aliyekuwa mshonaji wa hospitali. Sindano alimaliza kwanza hesabu zake kando ya cherehani, kisha akamsaidia mama kushona vifungo na kutarizi namba, kwa uzi mwekundu, chini ya kola za makoti ya wanafunzi wa uuguzi. Namba kumi na saba aliitarizi kwa mapenzi kuliko zote. Ilikuwa ya dada yake.

Ilikuwapo kazi nyingine ambayo haikuzungumzwa. Baadhi ya makoti yalikuja na tundu katika mfuko wa kulia, tundu dogo la mviringo lenye kingo nyeusi. Mara ya kwanza Sindano alipouliza, mama alimjibu bila kuinua macho kwamba wanafunzi huvuta sigara nyuma ya ghala la shuka, na mkufunzi akitokea ghafla huitumbukiza mfukoni. Sindano akataka kujua kwa nini haambiwi mtu.

Mama alikata uzi kwa meno. "Kazi yetu kushona, mwanangu. Kuuliza kuna wenyewe."

Akauchana mfuko ulioungua, akautupa katika kopo la maziwa lililokuwa chini ya cherehani, akashona mpya.

Mwanzoni mwa mwezi ule, Mkufunzi Mkuu aliwagawia wanafunzi wake sitini karatasi za maswali kuhusu tumbaku. Hawakutakiwa kuandika majina. Maswali ya maradhi ya mapafu na moyo waliyajibu vizuri sana, na penye swali la mwisho, lililouliza kama wao wenyewe huvuta, wote sitini waliandika hapana. Mkufunzi alifurahi, akaamuru matokeo yabandikwe ukutani. Dada, aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wenzake, ndiye aliyeandika tangazo: "Wanafunzi sitini, wavutaji hakuna." Jioni aliisimulia habari hiyo nyumbani huku akicheka. Mama alitabasamu kidogo, akainamia sahani yake.

Jumanne iliyofuata Sindano alikuta maji yametapakaa sakafuni mwa chumba cha pasi na moshi ungali unaning'inia darini. Tenga moja la shuka kavu lilikuwa limeungua. Bi Pasi alikuwa amepeleka mzigo wodini; aliporudi aliona ndimi za moto, na kwa kuwa ndoo ya maji ilikuwa mbali, aliuzima kwa mikono. Kiganja cha kulia kilimchunika hadi kwenye vidole. Walipokuwa wakimfunga bendeji, alirudia neno moja tu: aliichomoa pasi. Hakuna aliyemsikiliza. Mwaka uliotangulia aliwahi kuunguza koti la daktari, na kila mtu alilikumbuka koti hilo. Kufikia jioni ilikwisha kutangazwa kwamba kikao kitakaa siku ya Ijumaa, na kwamba mzee huyo amechoka, heri aende zake nyumbani.

Mama alimpa Sindano kazi ya kuchagua katika yale mabaki shuka zinazoweza kukatwa kuwa vitambaa. Alipofika chini kabisa ndani ya tenga aliona kitu kisichostahili kuwapo pale: koti. Nguo chafu zilikuwa na kapu lake mlangoni. Kilichosalia kilikuwa kipande kimoja cha kitambaa, kuanzia kola hadi mfuko wa kulia. Mfuko ulikuwa umeungua kuanzia ndani kwenda nje, na katika mshono wake kilinasa kipisi cha sigara. Akaigeuza kola. Moja na saba, kwa uzi mwekundu, kwa mkono wake mwenyewe.

Alikitia kile kitambaa katika mkoba wa shule, kati ya daftari na daftari, akaendelea kuchagua shuka.

Usiku dada alipoonyeshwa kitambaa hicho, alikaa kitandani. Alieleza kwa sauti ya chini. Mkufunzi alikuwa amepita chini ya mapaa ya ghala, yeye akadhani sigara imezimika, akaitia mfukoni. Koti lilikuwa limelowa mvua, akapitia chumba cha pasi, akalivua na kulisukumiza chini ya shuka za tenga la karibu ili awahi zamu. Alieleza pia jinsi alivyoanza. Siku alipomwosha marehemu wake wa kwanza wodini, alishindwa hata kufunga vifungo vyake, na mwanafunzi wa mwaka wa juu akamwekea sigara kinywani, akamwambia avute, moyo utatulia. Ulitulia. Kesho yake ukataka tena.

"Lakini wewe ndiye uliyetufundisha habari za mapafu," Sindano alisema. "Ulikuja darasani kwetu. Ulituchorea."

"Najua nilichowachorea. Mtihani wa maradhi ya kifua nilipata tisini na moja." Dada alijifuta uso kwa kiganja. "Mdogo wangu, imebaki miezi miwili nimalize. Wakijua, wananifukuza. Bi Pasi ni mtu mzima, watampumzisha tu."

Sindano alikirudisha kitambaa mkobani, na kwa siku mbili alikibeba shuleni na kukirudisha, akihisi kama darasa zima linaunusa moshi wake.

Alhamisi mama alimchukua wakamjulie hali Bi Pasi. Bibi huyo alikaa chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mafuta na nguo chache zilizopigwa pasi zikanyooka kama karatasi. Walimkuta amevaa gauni ambalo halikufungwa vifungo mgongoni. Alimwomba Sindano amsaidie, akamtania kwamba leo sindano imekuwa daktari. Sindano akafunga kifungo cha kwanza, na cha pili. Ndipo Bi Pasi alipozungumza, akiutazama ukuta.

"Mama Sindano, nimekaa nikiwaza. Nilikuwa na hakika niliichomoa ile pasi. Sasa sina hakika tena. Watu wote hao hawawezi kukosea, mimi peke yangu nipatie. Labda akili yangu ndiyo inayoondoka."

Sindano alikiacha kifungo cha tatu. Kama Bi Pasi angelia, au angelaani, pengine angeweza kuvumilia. Lakini huyu alikuwa anaacha kujiamini mwenyewe, na dawa ya hilo ilikuwa ndani ya mkoba uliokuwa mlangoni. Aliuendea, akakitoa kile kitambaa, akakiweka mapajani mwa mwanamke huyo.

"Uliichomoa, Bibi," alisema.

Bi Pasi alikigeuza kwa mkono wa kushoto, akaiona namba. Kisha alimtazama mama, si mtoto. Mama alikuwa amejishika kinywa.

"Mfuko huu umewahi kupita mikononi mwako?" Bi Pasi aliuliza.

"Mara mbili," mama alijibu. "Niliushona mara mbili, nikanyamaza."

"Miaka kumi na moja tumekula chakula kutoka sahani moja pale dobi."

Kisha Bi Pasi alimwambia Sindano amalizie kufunga vifungo.

Nyumbani mama hakupiga kelele. Alimwambia dada kwamba kesho kikaoni atatangulia yeye kuingia, kwa miguu yake, kabla Bi Pasi hajaitwa. Na mama mwenyewe aliingia nyuma yake, amelikumbatia lile kopo la maziwa. Aliimwaga mifuko iliyoungua mezani mbele ya Mkufunzi Mkuu, akasema ni ya muhula mmoja. Ilikuwa kumi na mmoja.

Siku hiyo hiyo wanafunzi wote waliitwa ukumbini. Sindano aliona mambo yote akiwa dirishani, chini ya mchirizi wa mvua. Mkufunzi alilibandua tangazo ukutani, akaliweka kando ya ile mifuko, akawataka wenye nayo wasimame na dada. Walisimama wanne. Aliwangoja wengine kwa muda mrefu. Walioketi walitazama viatu vyao.

"Mnayajua maradhi haya kwa majina yote," Mkufunzi alisema. "Nami niliwasahihishia, nikadhani anayejua amepona. Harufu ya nyuma ya ghala naijua. Sikwenda hata siku moja, kwa sababu niliipenda ile hapana yenu. Mwenye kuvuta aje kwangu tumsaidie kuacha, hilo ni gonjwa kama magonjwa mengine. Lakini mwenye kuficha ajue kwamba uongo wake haukumchoma yeye. Umemchoma aliyekuwa akimnyooshea koti."

Alimtuma mtu amwite Bi Pasi, akamwomba radhi mbele ya wote. Bi Pasi alisikiliza, akaitika kwa kichwa, hakutoa neno la kuwafariji.

Dada hakufukuzwa. Aliamriwa arudie mwaka, na kila alasiri, baada ya wodi, asimame kwenye meza ya pasi badala ya Bi Pasi, ili nafasi ya mzee huyo isipewe mtu mwingine mpaka mkono upone. Kuacha sigara hakukuwa kwepesi. Mara mbili alionekana akienda nyuma ya ghala, na mara ya pili ni Sindano aliyemfuata na kumshika mkono, wakarudi pamoja.

Wiki ya tisa bendeji ilitolewa. Bi Pasi aliinuka katika kiti alichokuwa akikalia na kuelekeza, akasogea mezani, akaishika pasi. Vidole viwili havikukunjika. Aliinyanyua kidogo, ikamponyoka, ikaangukia shuka kwa kishindo. Dada aliinyakua upesi kabla haijaunguza.

Bi Pasi aliutazama mkono wake kama anayetazama mkono wa mtu mwingine, kisha akarudi kitini, akaketi.

"Haya," alisema. "Pindo kwanza, halafu katikati. Na usilegeze mkono."

Dada alivuta shuka nyingine kutoka tengani, akaitandaza, akaanza na pindo.