Udongo wa Chini ya Kitanda

Harufu ilifika kabla ya mwenyewe. Jumamosi hiyo ya mwaka 1634, soko la mji wa Norwich, Uingereza, lilikuwa limefurika watu, lakini ghafla njia ikafunguka kati ya meza za samaki na za siagi. Akatokea kijana mrefu, koti la ngozi limemganda mwilini, buti zimekolea mavi ya njiwa. Damaris Crane, muuza jibini, akavuta ukosi wake mweupe wa kitani hadi puani.

"Simama hapo hapo, bwana! Jibini langu linanyonya harufu."

"Nisimame wapi basi, bibie?"

"Mji wa pili, Ipswich!"

Watu wakaangua kicheko, na kijana mwenyewe akacheka kuwashinda. Jina lake Ambrose Tuck. Jumamosi iliyofuata alikuja ameoga, nywele zinamchuruzika maji, kijiti cha lavenda kimechomekwa kofiani.

"Leo je?"

"Leo unanuka kama sanduku la bibi yangu. Haya, sogea kidogo."

Akasogea, na kila wiki akazidi kusogea. Kufikia majira ya joto alikuwa anakula kwa kina Damaris, mtaa wa wafumaji, ambako mama yake, Joan, alikuwa mgonjwa asiyetoka kitandani. Akiulizwa kazi yake hujibu, "Nachimba." Damaris akadhani anachimba visima.

Jioni moja Damaris alimwona akiinama, akagusa sakafu ya udongo kwa kidole, akakilamba.

"We Ambrose! Unakula nini?"

"Nimeonja tu."

"Mchafu mkubwa we!" Akamchapa begani kwa mahaba. Mlangoni Ambrose akambusu, naye Damaris akasahau.

Ilipofika vuli, mlango ule ule ulipigwa teke. Walikuwa wachimba shura, watu wa Mfalme, wenye ruhusa ya kuingia nyumba yoyote na kufukua udongo ulioshiba mkojo, waende kuuchemsha utoe shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Mbele alikuwa msimamizi wao, Hatch, tumbo nje. Nyuma yake alisimama Ambrose na sepetu.

"Anzeni chini ya kitanda," Hatch aliamuru. "Pale ndipo penye utamu."

Ambrose hakumtazama Damaris. Alimnyanyua Joan na mablanketi yake, akamlaza taratibu karibu na moto.

"Mkwe," mama alinong'ona, "kumbe na wewe umo?"

Kisha sepetu zikaingia. Sakafu ilipasuka kama kidonda. Mikojo ya vizazi vitatu, iliyomwagika usiku baada ya usiku, ilipanda kwa mvuke mkali uliochoma macho. Udongo ukatoka mweusi, unateleza, funza weupe wanajinyonga ndani yake. Damaris akakimbilia uani, akatapika. Alipokuwa anajifuta mdomo akakikumbuka kile kidole. Akatapika tena.

Ambrose alimfuata. "Damaris, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Umekula mezani kwetu huku unatuonja kama choo! Na mdomo huo huo ukanibusu!"

"Nisikilize kidogo tu."

"Toka. Unanitia kinyaa."

Wiki hiyo nzima Damaris alijisugua midomo kwa chumvi mpaka ikachanika. Kisha Hatch akarudi kuchukua udongo uliobaki, akinung'unika huku wanaume wake wakipakia mkokoteni.

"Yule Tuck ni mjinga. Tangu majira ya joto ananiapia kwamba nyumba hii udongo wake ni mkavu, hauna kitu. Bahati nilipita mwenyewe nikaonja hapo kizingitini. Nimeshamfukuza."

Damaris alisimama na ndoo mkononi, akiutazama mkokoteni ukiondoka.

Kesho yake mlango ukagongwa. Alichungulia penye ufa, akamwona Ambrose na mkokoteni wa udongo safi wa mfinyanzi. Hakufungua.

"Kwa nini hukuniambia kazi yako?"

"Ningekuambia, ungenifungulia mlango?"

"Nisingekufungulia."

"Basi ndiyo hivyo."

"Na nyumba za wengine, Ambrose? Wagonjwa wao uliwabeba vizuri hivyo?"

Damaris alimwona akiushika mpini wa mkokoteni.

"Sikuwabeba," Ambrose alisema. "Wengine walijikokota wenyewe. Mmoja alikuwa ametoka kujifungua. Niliendelea kuchimba."

Damaris aliligusa komeo, akaliacha. Ambrose angeweza kumdanganya, wala yeye asingejua kamwe.

"Bado nina kinyaa na wewe," alisema.

"Hata mimi ninacho."

"Huenda kisiishe."

"Nitajenga sakafu, niondoke. Sikuombi kingine."

"Nyie wawili!" Joan alifoka kutoka karibu na moto. "Nalala jikoni kama paka, na nyie mnanong'onezana mlangoni! Mfungulie huyo kijana!"

Damaris akavuta komeo. Ambrose akajaza shimo, akamwaga maji, akavua buti, akaanza kukanyaga, matope yakimfika vifundoni. Jasho lilimtoka, na pamoja na jasho ile harufu ya kale iliyoingia ngozini. Damaris aliisikia, akakunja uso, lakini hakutoka nje.

"Nataka kukuoa," Ambrose alisema bila kuinua kichwa. "Najua si wakati wake."

"Si wakati wake kabisa. Kanyaga, mama anataka kitanda chake."

Akaendelea kukanyaga. Damaris akavua soksi zake za sufu, akakunja sketi hadi magotini, akaingia matopeni, baridi ikimkata nyayo.

"Pembe hii umeiacha laini," alisema. "Nipe mkono, nisije nikaanguka."