Kanga Asiyekimbia

Shadya alipojifungua mtoto wa kiume, alipanda kutoka Katonga hadi kwa wazazi wake huko Kalinzi, ili mama yake amlee uzazi. Mumewe, mvuvi, alibaki ziwani. Kila pikipiki iliyopanda mlimani ilileta dagaa wake. Mama Shadya, yaani Zuhra, aliwapokea kwa shukrani. Baba yake, Chande, alikuwa ameshaanza kuwachoka.

"Mzazi anataka supu ya nyama," alisema. "Arudishe damu."

Asubuhi moja Chande alitoka porini, nyuma ya shamba lake, akiwa na kanga aliyekwisha kuchinjwa. Alitembea kifua mbele, utadhani ameangusha nyati. Alisema amemkamata kwa mikono.

Zuhra alishangaa. Watoto wa Kalinzi wote wanajua jinsi kanga anavyokimbia.

"Hakukimbia?"

"Alikuwa amezubaa chini ya mti. Nimemwahi akiwa hai, nikapiga Bismillahi, nikachinja. Ni riziki ya mjukuu wangu, Mama Shadya. Usiikatae."

Zuhra hakuikataa. Alimnyonyoa, akampika kwa tangawizi na pilipili manga. Supu ikanukia mpaka kwa jirani. Kuni zilipopungua, akaenda porini kuokota nyingine.

Huko akamkuta kanga wa pili amelala ubavu, amekufa. Hakuwa na jeraha. Hatua chache mbele alilala njiwa pori, naye amekufa. Zuhra hakugusa kitu. Kuni alizitupa hapo hapo, akakimbia.

Alipoingia uani, bakuli lilikuwa limefika midomoni mwa Shadya. Zuhra alilipiga kwa mkono. Supu ikamwagika kwenye mkeka.

"Umemeza?"

"Hata sijaonja, mama. Ni ya moto."

Zuhra alikaa chini. Akawasimulia aliyoyakuta porini. Chande yeye alikasirika, na hakuficha. Alisema wale wa porini ni vibudu, lakini huyu wake ni halali, kachinjwa kwa kisu na jina la Mungu. Asipoambiwa sababu ya maana, ataipasha moto supu iliyobaki chunguni na kuinywa mwenyewe.

Basi Zuhra akamwita jirani yao Skolastika, afisa mifugo wa kata. Alikuja na glavu na mifuko ya plastiki.

"Mwakeye," aliwasalimu kwa Kiha. Kisha akataka apelekwe porini. Shadya alibaki na mtoto.

Skolastika alivaa glavu na kufunika pua na mdomo. Akawaambia Chande na Zuhra wakae mbali kidogo, kwa kuwa ndege wa porini anaweza kufa kwa ugonjwa unaoambukiza watu. Akamgeuza kanga taratibu, huku akiwaeleza anachokiona. Mguuni hapakuwa na alama ya mtego. Mabawa hayakuvunjika. Hapakuwa na meno ya mbwa.

"Mshale? Risasi?" Chande aliuliza.

"Hakuna tundu, mzee. Na tazama kifua, kimejaa nyama. Aliyeugua siku nyingi hukonda. Huyu alikufa akiwa ameshiba."

Kisha alipasua gole, kile kifuko cha chakula kilichopo shingoni mwa ndege. Zikatoka punje za mahindi. Zilikuwa za njano, na harufu yake iliwafikia wote pale waliposimama. Ni harufu ambayo kila mkulima wa Kalinzi anaijua. Ilikuwa dawa ya kupulizia kahawa.

Skolastika alitafakari kwa sauti. Mvua ndiyo kwanza zimeanza. Hakuna shamba lenye mahindi. Basi punje hizi ni mbegu, na mtu amezipaka dawa. Nani kijijini anapanda mahindi ya njano?

Zuhra alimgeukia mumewe. Hakukuwa na haja ya kumtaja.

Chande alikiri kuwa ni zake. Msimu uliopita mchwa walimmalizia mbegu, akasema, kwa hiyo safari hii alizichanganya na dawa ya kahawa. Zilizobaki alizimwaga hapa porini, kuku wa nyumbani wasije wakazidonoa.

"Kuku wamepona," Zuhra alisema. "Mwanao ndiye uliyempelekea."

"Lakini nilimchinja," Chande alisema kwa sauti ndogo.

"Kisu hakiondoi sumu, mzee," Skolastika alimjibu kwa upole. "Wala moto hauiondoi. Ungeichemsha supu hiyo hadi jioni, sumu ingebaki. Mnyama au ndege ukimkuta amezubaa bila sababu, usimle, usimpe mbwa, usimshike kwa mikono mitupu. Toa taarifa. Na dawa ya kahawa ni ya kahawa. Kama mchwa wanakusumbua, muulize afisa kilimo."

Siku hiyo Chande alifanya kazi ya watu watatu. Kwa glavu alizopewa, aliokota punje zote zilizobaki. Alichimba shimo refu, mbali na kijito, akafukia mbegu, ndege, nyama na supu yake. Akanawa kwa sabuni mpaka Zuhra akamwambia inatosha. Skolastika alipeleka sampuli maabara. Majibu yalikuja wiki iliyofuata: ni sumu, siyo ugonjwa.

Kwenye mkutano wa kijiji Chande aliomba nafasi ya kusema. Alisimama amempakata mjukuu wake.

"Mama wa huyu nampenda kuliko macho yangu," alisema. "Na kwa mapenzi hayo karibu nimuue. Nani mwingine amepaka mbegu dawa ya kahawa?"

Mkono mmoja ukainuka, ukafuata mwingine, mpaka ikawa nusu ya mkutano. Hakuna aliyewacheka. Afisa kilimo alikuja kuwafundisha njia salama za kuzuia mchwa. Mbegu zenye dawa zilikusanywa zote chini ya usimamizi wake.

Mvua ziliendelea, na mahindi yakaota. Asubuhi kanga walipiga kelele porini, na hakuna aliyeokota ndege mfu tena.

Uzazi ulipokwisha, Shadya aliagwa kurudi Katonga. Majirani walimsindikiza hadi barabarani kwa vigelegele, na cha Skolastika kilikuwa kirefu kupita vyote. Chande alilia hadharani, wala hakuona aibu. Binti yake alishuka kwenda ziwani akiwa mzima, mtoto yuko mgongoni.