Uvimbe Usiopitisha Mwanga

Ilikuwa mwaka 1975, mwishoni mwa masika, wakati wa palizi ya mahindi. Kila alfajiri ngoma ilipolia katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Mashewa, kila kaya ilitoa mtu wa kwenda msaragambo katika shamba la pamoja. Kaya ya Bibi Swaumu ilimtoa mjukuu wake Sadala, kijana wa miaka ishirini, ambaye kwa kawaida aliimaliza ngwe aliyopimiwa kabla jua halijawa kali.

Wiki hiyo Sadala hakwenda. Alimtuma mdogo wake Mwaija, mwanafunzi wa darasa la sita.

"Mwambie Mzee Yordani kwamba nina homa."

Mwaija alisema hivyo siku ya kwanza, akarudia siku ya pili. Siku ya tatu Yordani, msimamizi wa shamba, alimkazia macho.

"Homa gani hiyo, mwanangu? Jana jioni nilimwona akichonga mpini."

Grasiana, mwanafunzi mwenzake, akadakia, "Homa ya kaka yako huamshwa na ngoma!" Watu wakacheka. Yordani hakucheka. Alishika jembe akaipalilia ngwe ya Sadala, kwa kuwa magugu hayamsubiri mtu.

Mwaija alirudi nyumbani akilia.

"Bibi, nimesema uongo siku tatu. Kaka hana homa. Anatembea kwa shida, na amenikataza kusema."

Bibi Swaumu alimtuma Mwaija kisimani, kisha akamwita Sadala. Mambo ambayo kijana huona haya kumwambia mama yake, kwa desturi huweza kumwambia bibi yake.

"Mume wangu," alisema kwa utani, "mume gani wewe unayemficha mkeo ugonjwa?"

Sadala aliinama. "Ni busha, bibi. Korodani moja imevimba tangu vuli. Haiumi, ila ni nzito. Nikienda zahanati, kijiji kizima kitanicheka."

"Wakicheka tutahesabu meno yao. Babu yako alikuwa na busha, laini kama kiriba cha maji. Lako je?"

"Gumu, bibi. Kama jiwe."

Bibi hakutania tena. "Vaa shati. Twende."

Katika zahanati, mganga Bonaventura alifunga dirisha, akawasha tochi na kuiweka nyuma ya uvimbe.

"Busha ni maji, na mwanga hupita," alisema. "Hapa haupiti. Uvimbe mgumu usiouma si wa kupuuzwa. Huenda ni saratani ya korodani, ambayo huwapata zaidi vijana. Ikiwahiwa, wengi hupona. Usingoje kesho."

Sadala alipanda basi hadi Korogwe, na kutoka hapo akapanda treni hadi hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Madaktari walimpiga picha ya kifua kuona kama ugonjwa umefika huko, wakamtoa korodani ile kwa kumpasua kwenye kinena, wakaipima kwa hadubini. Ilikuwa saratani kweli, lakini haikuwa imeenea.

"Daktari, nitaoa mimi?" aliuliza Sadala.

"Wengi huoa na kuzaa wakiwa na moja. Lakini kila baada ya miezi mitatu urudi tukupime. Usikose hata mara moja."

Palizi ilipokwisha, Yordani alikuwa amepalilia ngwe tisa za Sadala.

Siku Sadala aliporejea, Bibi Swaumu alimketisha Mwaija mbele yake. "Uongo wa siku tatu ni mdogo, lakini ungeendelea, ungemzika kaka yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona badiliko katika mwili wako au wa nduguyo, mwambie mtu mzima unayemwamini, kisha nendeni zahanati. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Wakati wa palizi ya vuli, Sadala alikuwa na nguvu zake zote. Asubuhi moja Yordani alifika shambani na kuikuta ngwe yake haina gugu hata moja.

"Nani amepalilia hapa?"

"Shikamoo, mzee," alijibu Sadala, akijifuta jasho. "Ni ile homa inayoamshwa na ngoma. Bado ngwe nane."