Chupa ya Mwisho

Siki ikishakuwa siki hairudi kuwa tembo la mnazi. Bi Hindu alilijua hilo tangu utotoni, lakini asubuhi ile alipozibua chupa ya mwisho na kusikia harufu tamu ya tembo la jana, alirudisha kizibo akaendelea kukata ndimu za achari. Mwingine angeita majirani. Yeye, tangu Ummu, mwanawe wa pekee, afe kwa homa, hakushangazwa tena na kitu. Watu walimwambia kazi ya Mola haina makosa, naye akaitikia, akawapa kahawa.

Mwaka ule wa hamsini na nne, nusu ya Lamu ilikula achari ya siki yake. Tembo alilinunua kwa mgema, akaliacha mtungini ligeuke lenyewe. Kisha aliihamisha siki kwa mrija wa jani la mpapai, polepole, mashapo yabaki chini, na kila chupa akaijaza hadi shingoni. "Chupa isiyojaa huingia mpangaji," mamake alikuwa akimwonya.

Safari hii siki haikutosha, chupa ya mwisho ikabaki nusu. Pembeni palikuwa na kikapu cha kokoto nyeupe, zilizobaki walipozitandaza juu ya kaburi la Ummu. Bi Hindu akaosha kiasi, akazitumbukiza mpaka siki ikapanda shingoni. Hakuona ubaya. Mawe ni mawe.

Adhuhuri ya siku ya harufu ile, kokoto zikaanza kugongana chupani. Kulikuwa na kishindo, kimya kidogo, halafu mkwaruzo wa haraka. Bi Hindu akautambua mchezo huo: ni kodwe. Ummu alikuwa bingwa wa kodwe, akirusha jiwe moja juu na kuzoa mengine kabla halijashuka. Akaikumbatia chupa. Vidole vyake vikafa ganzi, lakini kifuani, palipokuwa pamekufa, pakawa na furaha.

Akawa anakaa nayo ghalani kila mchana. Ganzi ikapanda hadi kiwikoni, naye hakumwambia mtu.

Mumewe, Madi, alikuwa barazani akishona kofia aliponusa nyama ikiungua, na kwa kuwa siku hiyo hawakununua nyama akaingia mbio, akamkuta mkewe ameshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, ngozi ikitoa moshi, uso wake umetulia kabisa, sikio limeelekea ghalani, na huko ghalani, ambako hapakuwa na mtu, kitu kikirusha mawe na kuyadaka.

"Hindu! Mkono! Husikii utungu?"

"Nyamaza, Bwana Madi," akanong'ona. "Mwana yuateza kodwe."

Madi alimleta Mwalimu Ridhwani, mtu wa kusomea wagonjwa. Mwalimu akasikiliza mlangoni mwa ghala.

"Ummu yuko kwa Mola wake, Bi Hindu. Huyu ni jini, kaiga mtezo wake tu. Yeo kala mkono. Kesho tala moyo."

"Na akitoka, mimi nitasikia nini?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganya. "Utungu," akasema.

Akasoma mpaka sauti ikamkauka, na chupa ikawa baridi, ikatoa jasho, ikanuka tembo nyumba nzima, na alipoimimina nje mchangani na kutikisa kokoto ya mwisho, sauti ya kitoto ikatoka shingoni mwa chupa ikasema, "Mama, zamu yangu bado," na Madi akaanguka magoti akiziba masikio.

Kokoto zikapelekwa kaburini kwa Ummu. Jioni mkono wa Bi Hindu ukaamka, akapiga kelele. Kisha akamlilia Ummu, kwa mara ya kwanza, mpaka alfajiri. Madi alishukuru. Alidhani mkewe amerudi.

Lakini utungu ule haukupungua. Bi Hindu aliamka nao, akapika nao, akalala nao. Hakuna aliyemwambia kwamba ungekuwa mzito kiasi kile.

Mkono ulipopona, tembo jipya lilikuwa limegeuka siki. Bi Hindu akaweka mrija, akajaza chupa moja baada ya nyingine. Safari hii siki ya mtungini ilitosha chupa zote. Kwenye chupa ya mwisho, ilipofika nusu, aliubana mrija kwa vidole vyake vyenye makovu, siki ikakoma.

Kikapu kilikuwa bado pembeni. Mwalimu hakuuliza kama kokoto nyingine zilibaki.

Akaziosha, akazitumbukiza, akaziba. Kisha akakaa chini, akaipakata chupa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Zamu yako."