Rafu Aliyoipanga Joan

Kitabu kimoja kilikuwa kimegeuka. Kemuma alikiona alipoingia sebuleni na kikombe chake cha uji, akasimama, kwa sababu jana Joan alikuwa amevigeuza vitabu vyote migongo ikaelekea ukutani, hata kimoja hakusaza. Sasa hiki kimoja, katikati ya rafu ya juu, kilikuwa kimetoa mgongo wake mwekundu nje. Aliguna, akakirudisha kilivyokuwa, akaenda zake kunywa uji.

Wazo la kugeuza vitabu halikuwa lake. Mwalimu wa fasihi gani anayejifichia majina ya vitabu vyake mwenyewe? Lakini nyumba ilikuwa mpya, huku juu ya Kabianga, kuta zimepakwa rangi ya maziwa, kochi la kijivu ndiyo kwanza litolewe nailoni, na Joan, rafiki yake wa tangu chuo cha ualimu, siku hizi alikuwa anajulikana kwa kupamba nyumba za watu na kuzipiga picha. Alipoiona ile rafu alishika kiuno.

"Aki Kemu, hii ni rafu ama ni soko ya Chepilat? Hizi rangi zote zinapigana na kochi. Geuza vitabu, tuone karatasi pekee yake. Na usijaze. Wacha nafasi, rafu ipumue."

"Na nikitaka kitabu?"

"Utatafuta. Si uko likizo?"

Wakacheka. Joan alipanga mchana kutwa: vitabu vinene chini, vimelazwa, vyembamba juu, vimesimama, mtungi wa maua makavu pembeni, picha ya harusi ya Kemuma na Mageto hapa, hapana, pale. Nafasi moja, katikati kabisa, aliiacha wazi hadi mwisho. Kisha akatoa mfukoni kibuyu cha zamani cha kugandishia mursik, yale maziwa lala, cheusi kwa moshi, chenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa ngozi na kifuniko cha shanga, akakiweka kwa mikono miwili.

"Zawadi yangu kwako. Umeipenda?"

"Imependeza sana."

"Basi sema asante."

Kemuma alicheka, akaweka mkono juu ya tumbo lake, tumbo alilolingoja kwa miaka hadi wakwe wakaacha kumuuliza. "Asante, dada yangu."

Joan alimkumbatia, akamshika muda mrefu mno. Kemuma aliusikia moyo wa mwenzake ukidunda kifuani kwake, akadhani ni mapenzi.

Baada ya kile kimoja, asubuhi iliyofuata vitabu viwili vilikuwa vimegeuka. Baadaye ikawa safu nzima. Kemuma akamshuku Mageto, ambaye kazi yake kiwandani ilikuwa kuchambua majani ya chai, si kuchambua maandishi.

"Mimi?" Mageto akashangaa. "Mimi gazeti ya juzi bado sijamaliza, sasa niguse vitabu zako?"

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa ya mkaa wa mti wa senetwet, ule ambao akina mama wa Kipsigis husugulia vibuyu ndani, imechanganyika na maziwa yaliyolala muda mrefu kupita kiasi. Mageto alisema kibuyu kikuukuu lazima kinuke. Sawa. Lakini harufu ile haikutoka sebuleni. Ilitoka kwenye mto wa Kemuma, na siku moja alipofungua droo ya nguo za mtoto, alizozifua na kuzikunja mwenyewe, ikampiga usoni kana kwamba kuna mtu alikuwa amezivaa.

Watu wa huku ni watu wa kanisa na hawapendi kutamka neno jini. Wanasema pepo, wanakemea, wanakunywa chai. Kemuma alikemea. Akafungulia redio nyimbo za injili, sauti juu kabisa, akaketi kochini akijihisi mjinga.

Mvua ya alasiri ndiyo iliyomwonyesha kwamba hakuwa mjinga. Ilinyesha kama inavyonyesha kila siku, mashamba ya chai yakapotea dirishani, mvua ya mawe ikaponda mabati, umeme ukakatika na redio ikazimika, na chini ya kelele ile yote akasikia sauti ya mwanamke, ya chini, ya upole, ikitaja jina, kisha ikinyamaza kama inayongoja jibu, kisha ikitaja jina jingine, ikingoja tena, na kila jina lilipotajwa sauti ilikuwa imesogea, kutoka kwenye rafu hadi kwenye meza, kutoka mezani hadi nyuma ya kochi, mpaka Kemuma akahisi pumzi yenye harufu ya mkaa ikimshukia shingoni, ikapita begani, ikashuka hadi kwenye tumbo lake na kutua hapo, ikitaja majina kwa mtoto aliye ndani, na mtoto, aliyekuwa akicheza tangu asubuhi, akatulia tuli.

Alitulia hadi mvua ilipokatika. Kwa muda wote huo Kemuma alilishika tumbo lake kwa mikono miwili na hakuweza hata kulia. Mtoto alipogeuka tena, kidogo tu, ndipo alipolia.

Akampigia Joan simu. Nani mwingine? Simu ililia ikakatika, akapiga tena na tena, mpaka ikapokelewa.

"Joan, kuna kitu kwangu. Kuna kitu kinataka mtoto wangu."

Joan akanong'ona, "Usikitupe, Kemu. Ukikitupa kitarudi."

Simu ikakatwa. Kemuma alibaki ameishika sikioni. Alikuwa hajataja kibuyu.

Kesho yake alikuja Sista Rebeccah, muuguzi mstaafu aliyekuwa akimpima tumbo, mzaliwa wa Silibwet kama Joan. Aliingia akiwa na mkoba wake na maneno yake mengi, akaiona rafu, na maneno yakamwisha.

"Mwalimu, nani alikuletea hiyo?"

"Joan."

"Ulimwambia asante?"

Kemuma akaitikia kwa kichwa. Sista akaketi polepole na kushusha sauti kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Huo ufa ulishonwa mbele yangu. Ni kibuyu ya Tapkigen, shangazi ya Joan. Hakupata mtoto, akamlea Joan kama wake. Na Joan alimwahidi, nikizaa, jina yako itaitwa. Halafu huyo shangazi akaugua, akalala kwa Joan. Joan ameanza hii mambo ya kupamba nyumba, wageni wanakuja kupiga picha, na mgonjwa anaharibu picha. Akawa anageuzwa aangalie ukuta. Alikufa akiangalia ukuta, Mwalimu. Na Joan alipopata mimba, akasema hilo jina hataki. Hiyo mimba ikatoka. Ikaja ingine, ikatoka."

Kemuma alikuwa ameishi na Wakipsigis maisha yake yote, na alijua wanavyomwita mtoto jina la marehemu: majina hutajwa moja moja, na mtoto akipiga chafya, aliyetajwa ndiye aliyerudi. Akaelewa sauti ile ilikuwa ikifanya nini juu ya tumbo lake.

"Anatafuta jina lake," akasema.

"Anatafuta mlango. Na umefunguliwa hapa kwako. Hiyo kitu haitoki mpaka iwekwe kwa mwingine mwenye mimba, naye ashukuru kwa mdomo wake."

Walikwenda Silibwet siku hiyohiyo. Joan alifungua mlango nusu, amejifunga shuka ya Kimasai, lakini shuka haikuweza kuficha tumbo.

"Joan," Kemuma akasema.

"Wawili, Kemu. Nilizika wawili na hawakulia hata mara moja."

"Na wangu?"

"Nilifikiria wewe ni mtu wa maombi. Nilisema labda Tapkigen atashindwa na wewe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekubali?"

Angekubali vipi? Kemuma alimtazama yule aliyemshikia ua siku ya harusi, aliyelala chini kando ya kitanda chake kila mara matumaini yalipovunjika, na akaona kwamba katika miaka hiyo yote ya machozi, Joan alikuwa akijua ni nani hasa anayetamani mtoto kiasi cha kutouliza maswali akiletewa zawadi. Hilo lilimuuma kuliko woga. Akageuka akaondoka, na nyuma yake akasikia komeo likifungwa.

Njiani Sista Rebeccah alisema, "Kama hutaki kumfanyia mwingine hivi, kuna njia moja tu imebaki. Na usije ukaniuliza juu yake mbele ya pasta. Mpe jina."

Jioni hiyo, kabla Mageto hajarudi, Kemuma aliketi mbele ya rafu. Vitabu vyote vilikuwa vimegeuka, rangi zote nje. Akasema, "Wewe na mimi tumetupwa na mtu mmoja. Mwache mtoto aishi, na ataitwa Tapkigen."

Mtoto alizaliwa msichana, mzima. Mageto alinung'unika kwamba mama yake alikuwa ameshamchagulia mjukuu jina, lakini alipomwona mkewe akiwa hai na mtoto akiwa hai, alikubali. Siku waliyotoka hospitali, Sista aliweka tumbaku kidogo ya unga karibu na pua ya mtoto, akatamka lile jina, na mtoto akapiga chafya mara moja, kubwa. Harufu ikatoka nyumbani kama moshi unaofunguliwa dirisha. Sista akakichukua kibuyu akakizike. Kemuma alimbusu mwanawe kila mahali na kusema, tumeshinda, mwanangu, tumeshinda.

Usiku huo mtoto akaanza kulia. Alilia kifuani kwa Kemuma, akalikataa ziwa, akalia mikononi mwa Mageto na mgongoni mwa Nyabate, mama mkwe. Daktari hakuona kasoro. Kemuma alipomwinamia, mtoto aliuzungusha uso wake pembeni, akitafuta kitu nyuma ya bega la mama yake.

Kesho yake Joan, ambaye bado alikuwa hajajifungua, alikuja na unga na sabuni, kuomba msamaha. Kabla hajabisha hodi, mtoto alinyamaza. Alipoingia sebuleni, mtoto alinyoosha mikono, ingawa hakuwa na umri wa kunyoosha mikono, akamtazama Joan kwa macho ya mtu aliyengoja kwa miaka.

"Usinipe," Joan akanong'ona, akirudi nyuma. "Kemu, tafadhali, usinipe."

Lakini mtoto alikuwa hajanyonya tangu jana, na Kemuma ni mama. Akampa. Kidole kidogo kikazunguka kidole cha Joan, na mtoto akacheka, kicheko kinene cha mwanamke mzima, kisha akalala usingizi mtamu.

Tangu hapo, kila jioni, Kemuma huchukua simu na kumpigia mtu aliyemsaliti. "Njoo," humwambia. "Binti yangu anakulilia."