Viti Tisini na Sita vya Roshani

Duka la vifaa vya ujenzi Jumamosi asubuhi halina adabu. Huyu anataka rangi, yule anagombea koleo, muuzaji anaulizwa na watu sita kwa mpigo na anamjibu wa saba ambaye hakuuliza kitu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke aliyevaa aproni ya turubai juu ya gauni la maua, nywele kazifunga kwa kitambaa cha kijani, kimya kabisa. Nyuma yake akaja bwana mrefu, shati jeupe limechomekwa vizuri, penseli sikioni, akamwuliza kama foleni inaishia hapo. Hakujibu. Akauliza tena, kwa heshima zaidi. Yule mwanamke akamtazama tu kwa macho makubwa. Bwana akajisemea moyoni, haya, uzuri upo, lakini maringo nayo yamezidi.

Ndipo mwanamke akakinga kiganja na kutema misumari midogo kumi na miwili.

“Samahani, kaka. Nilikuwa naionja. Yenye kutu naijua kwa ulimi kabla ya macho.” Akaifuta misumari kwenye aproni. “Foleni inaishia kwako.”

Kaka wa watu akasahau kilichomleta dukani.

Walipotoka nje walikuwa wameshajuana kazi. Mwanamke ni fundi wa viti na makochi, ameitwa kushona upya viti vya roshani katika lile jumba la sinema la zamani katikati ya mji, lililofungwa miaka kumi na tisa likabaki la njiwa na popo. Bwana ni injinia, ameitwa kupima nguzo na vyuma vya jumba hilohilo. Wote wawili walikuwa waanze Jumatatu. Injinia akambebea mfuko wa misumari hadi kituoni, na kamba aliyotumwa kununua akairudia mchana.

Basi kazi ikaanza. Chini, viti vipya vilikuwa vimeagizwa kiwandani, lakini juu, kwenye roshani, mwenye jumba alitaka vilevile vya zamani, tisini na sita, vyenye miguu ya chuma yenye nakshi. Fundi alipewa stoo iliyo chini ya ngazi. Alikuwa anachana kitambaa kilichooza, anatoa makumbi yaliyogeuka vumbi, anakaza springi, kisha anavalisha mahameli mapya ya rangi ya damu ya mzee. Misumari ilikaa mdomoni, nyundo mkononi, na mtu akimwuliza jambo asilotaka kulijibu, aliongeza misumari. Waashi wakampa jina, Bi Misumari. Ndani ya viti alikuta mambo: vipande vya tiketi, chanuo, hereni moja moja. Injinia kila akipita alikuwa anauliza leo amekuta nini, na kila siku alikuwa anapita mara nyingi kuliko kazi ilivyomtaka.

Penzi halikukawia. Simu zilianza za kikazi zikaharibika zenyewe.

“Umekula?” Injinia alimpigia jioni moja.

“Nakula.”

“Unakula nini, roho yangu?”

“Misumari. Na nani kakwambia mimi ni roho yako?”

“Basi nitaikataa kazi ya kesho, niende kuitafuta.”

“Kesho njoo mapema,” alisema Bi Misumari. “Nitaleta chai.”

Siku ya chai hiyo ndipo alipomwambia kuhusu mama yake. Mama alikuwa mshika tochi wa roshani ile miaka ishirini na miwili. Kazi yake kupokea watu gizani, kuwamulikia namba zao, kisha kukaa kwenye ngazi hadi picha iishe. Safu ya mbele, kiti namba saba, ndicho alichokitamani, na hakukikalia hata siku moja, maana mfanyakazi hakai. Sasa mama ana presha ya macho. Daktari ameshasema waziwazi kwamba mwaka hautaisha kabla hajaacha kuona. Jumba likifunguliwa mwezi wa kumi, mama ataiwahi picha moja. Kwa ajili hiyo tu alikuwa ameikubali kazi hii.

“Atakaa namba saba,” Injinia alisema, “na mimi nitasimama chini yake.” Akamweleza kwamba mwalimu wake aliwafundisha hivyo: anayetia saini kuwa daraja litabeba, siku ya gari la kwanza husimama chini ya daraja.

“Na likianguka?”

“Hatasaini jingine.”

Bi Misumari alicheka hadi chai ikampalia. Siku hiyo alimpenda kweli, akaacha kujidanganya.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mtu alipoharibu. Wiki mbili baadaye Injinia alibandua lipu chini ya roshani ili aone vyuma. Akachomeka bisibisi, ikazama kama kwenye sabuni iliyolowa. Akachomeka pengine, hivyohivyo. Maji ya mvua ya miaka kumi na tisa yalikuwa yameila ile roshani kimyakimya. Aliandika barua siku hiyohiyo, akasaini: roshani inaweza kubeba viti vitupu na fundi mmoja mmoja, lakini watazamaji wasipandishwe mpaka vyuma vibadilishwe, jambo ambalo mwenye jumba alisema litangoja mwaka mwingine. Nakala moja ikaenda kwa mwenye jumba, nyingine kwa msimamizi wa kazi. Mpaka hapo simlaumu. Aliokoa watu.

Lakini adhuhuri Bi Misumari alikuja na chai, uso unang’aa, akamwambia amefikisha viti thelathini na viwili. Injinia akafungua mdomo. Akamwona alivyo na furaha, na akaona pia kwamba akilisema neno lile, kazi yake pale imekwisha, ataondoka na nyundo yake, na stoo ya chini ya ngazi itakuwa stoo tu.

“Chai nzuri,” akasema.

Kesho akaahirisha, na kesho yake. Wiki sita. Mwanamke akashona viti sitini na vinne vya mahali ambapo hakuna mtu atakayekaa, vidole vinatoka damu, na mpenzi wake kila jioni anamsifia mishono. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kinamfungia vifungo vya gauni.

Kiti cha tisini na sita alikipandisha mwenyewe. Katikati ya ngazi akakutana na msimamizi, mtu mwema asiye na maneno mengi, ambaye siku zote alidhani fundi anajua na anamalizia tu kwa kuwa kazi ni kazi.

“Pole, dada,” alimwambia. “Kushona vyote hivi na roshani yenyewe haifunguliwi.”

Akamwuliza haifunguliwi kivipi. Msimamizi akababaika, akasema kuna barua, ina wiki sita sasa, ameiandika Injinia. Kwani hakumwambia?

Bi Misumari akakaa pale pale kwenye ngazi, kiti mapajani. Msimamizi akashuka taratibu. Na Injinia, ambaye alikuwa anapanda kumsaidia kubeba, alikuwa amesikia kila neno. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama nyuma ya nguzo mpaka mwanamke alipoinuka. Haya tunayajua mimi na nyinyi. Yeye hakuyajua.

Alimkuta baadaye kwenye kile chumba cha zamani cha tiketi alichokifanya ofisi. Hakupiga kelele.

“Barua ya roshani ni ya kwako?”

“Ni yangu.”

“Ya lini?”

Akamtajia tarehe.

“Siku hiyo ulisema chai nzuri,” Bi Misumari alisema. “Naikumbuka kwa sababu niliongeza tangawizi.”

“Mpenzi, nilitaka…”

“Sina ugomvi na saini yako. Chuma kimeoza, kimeoza. Lakini nilikwenda nyumbani kila siku nikamwambia mama, bado viti kadhaa. Anahesabu na mimi. Macho yanamzimika, anahesabu. Wewe ulikuwa unanisikia.”

“Niliogopa ungeondoka.”

“Basi naondoka.” Akafika mlangoni, akageuka. “Uliniambia anayesaini husimama chini ya alichosaini. Wewe ulisaini ukakimbia.”

Akatia misumari mdomoni, akaenda kukusanya vifaa vyake. Waashi waliacha kazi wakaangalia chini, kila mmoja na aibu yake, kwa sababu wote walijua, na kila mmoja alisema ni mambo ya wenyewe. Kitu hicho ndicho kilichomuuma kuliko vyote: kuchekewa asubuhi na watu ishirini wanaojua.

Injinia alipiga simu siku nne. Haikupokewa. Siku ya tano ikapokewa, akasema, “Laazizi wangu,” kwa sauti inayokatika.

“Mimi ni mama yake,” ikajibu sauti ya mtu mzima.

Injinia akaamkia shikamoo mara mbili. Mama akaitikia zote mbili, kisha akamwambia kwamba binti yake hali vizuri, hasemi, na ameshona mto mmoja akaufumua mara tatu. Akamwambia pia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mtu mzima hafundishwi hilo. Injinia akaitikia yote, naam mama, ni kweli mama. Alikuwa anangoja simu ikatwe.

“Sasa nikuulize,” mama akasema. “Umeandika haibebi watu. Haibebi watu wangapi?”

“Mama?”

“Nimewapandisha watu pale miaka ishirini na miwili, mmoja mmoja. Tisini na sita haiwabebi, nimeelewa. Je, wawili?”

Injinia hakuwa amelipigia hesabu swali hilo. Alikuwa amejificha ndani ya barua yake mwenyewe. Akamwomba mama siku kumi.

Alisimamisha nguzo za chuma chini ya pembe moja ya roshani, pale penye namba saba na nane. Juu akapakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu sita, akaiacha siku tatu, anapima asubuhi na jioni kama sakafu imeshuka hata unywele. Haikushuka. Akaandika barua ya pili, mwenye jumba akaikubali, na nakala akampelekea mama: viti namba saba na nane, watu wawili, si zaidi. Yeye mwenyewe hakujihesabu.

Siku ya ufunguzi, onyesho la alasiri, mji mzima ulikuwa mlangoni. Bi Misumari alivaa gauni la zambarau lenye mikono mirefu, amekuja kwa ajili ya mama yake tu, na alishasema hivyo njia nzima. Mama alivaa koti lake la zamani la kazi, vifungo vimesuguliwa vinang’aa, na mfukoni tochi. Walipanda polepole. Juu, mama hakutaka kushikwa. Aliwasha tochi, akajimulikia njia, akaipata namba saba mwenyewe, akapapasa mahameli kwa viganja vyote viwili.

“Laini,” alisema. “Nilijua tu.”

Taa zikazimwa. Bi Misumari aliangaza huku na huku, hakumwona mtu yule, akasema kimoyomoyo, amekimbia tena.

Picha ilipofika nusu alishuka kumtafutia mama maji. Akakatiza chini ya roshani, na pale katikati ya nguzo za chuma akamkuta Injinia amesimama wima, shati jeupe limejaa vumbi mabegani, uso ameuelekeza juu, anatazama sakafu iliyombeba mama. Picha hakuwa anaitazama hata kidogo.

“Tangu saa ngapi?” alimwuliza.

“Tangu mlipopanda.”

Akachukua maji, akarudi juu.

Watu walipotoka, mama alibaki ukumbi wa mbele akisalimiana na wateja wake wa zamani, anawatambua kwa sauti. Bi Misumari akarudi chini ya roshani. Yule bwana bado alikuwa palepale.

“Tunaweza kuanza upya?” Injinia aliuliza.

“Hapana.” Akamkabidhi spana aliyoiazima kwa msimamizi. “Juu kuna viti tisini na vinne visivyo na kazi. Huku chini viti vya kiwandani havikujaa, safu za nyuma ziko wazi. Utavishusha wewe. Na kila kiti utaniambia neno moja la kweli ambalo silijui. Vikiisha vyote, ndipo uniulize hilo swali lako.”

“Barua inaruhusu watu wawili.”

“Mama ameshashuka.”

Wakapanda. Injinia akapiga goti kwenye kiti cha kwanza, kando ya namba nane, palepale juu ya nguzo zake, akalegeza boliti moja.

“Niliogopa ungeondoka,” alisema.

“Hilo ni la kujitetea, na nilishalisikia. Lete lingine.”

Boliti ya pili. “Chai yako ina sukari mno. Nimevumilia miezi miwili.”

Kidogo acheke, akajizuia. “Ni kweli, lakini halifiki uzito wa kiti.”

Boliti ya tatu ilikuwa na kutu, ikamsumbua. Alipoifungua hakugusa ya nne. Aliweka spana sakafuni.

“Siku ile kwenye ngazi,” alisema, “msimamizi alipokuwa anakwambia, nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilikuona umekaa na kiti mapajani. Sikutoka.”

Mkono wa Bi Misumari ulishuka kwenye mfuko wa aproni kutafuta misumari, ukakuta gauni tu. Akalia palepale, amesimama, mdomo mtupu, bila kujifunika uso. Injinia hakuinuka wala hakumgusa, na safari hii hakwenda popote. Chini sauti ya mama ilikuwa inasikika, inacheka na mtu.

Alipomaliza, akajifuta kwa mkono wa gauni.

“Hicho kimoja,” alisema. “Bado tisini na vitatu.”